Kifafa Kilivyonishusha Garini

Hapa mtaani kwetu Isevya bado wananiita Pijo, ingawa gari lenyewe la Pijo liko Urambo siku hizi, linasomba tumbaku ya mtu mwingine. Jina nililopewa na baba yangu ni Juma. Anayeniita hivyo ni mke wangu Zuhura peke yake, na hata yeye ni pale anapotaka jambo.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali nikisubiri dawa. Kando yangu alikaa baba mmoja na binti yake, msichana mkubwa tu, mwenye kovu bichi la moto mkononi. Tukazungumza habari za mvua, tukazungumza mahindi, mwisho akaniuliza ninaumwa nini. Nikamjibu, "Kifafa," kwa sauti ile ile niliyotajia mahindi. Akageuka nyuma upesi kuona kama kuna aliyesikia. Kisha akamtazama binti yake, akanitazama mimi, kanzu yangu iliyopigwa pasi na viatu vyangu vyenye vumbi, akauliza chini chini, "Na unaishi?"

Kabla sijamjibu wakaitwa ndani. Basi haya ndiyo niliyotaka kumwambia, yeye na mwingine yeyote ambaye ugonjwa huu umeingia nyumbani kwake.

Nilikuwa na pikapu, Pijo. Nilianza kwa kumwendeshea lori Mwarabu mmoja wa Mtendeni, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka bidhaa vijijini. Biashara yake ilipopungua, miaka ile maduka ya ushirika yalipoanza kufunguliwa kila mahali, aliniuzia pikapu yake kuukuu. Mtaani kwetu lilikuwa gari pekee. Nilipeleka watu Ulyankulu, ambako wakimbizi wa Burundi walikuwa wamepewa mapori ya kulima, nikapeleka watu na mabati yao kwenye vijiji vipya vya Ujamaa. Mama akishikwa na uchungu alfajiri, nagongewa mimi. Maiti ikitakiwa kurudishwa kwao, nagongewa mimi. Nilikuwa nakaa nyuma ya usukani tangu jua linachomoza mpaka linazama, na nilikuwa na kitambi cha mtu anayekaa.

Nilianguka mara ya kwanza mwishoni mwa kiangazi, wakati vumbi jekundu limeshika kila kitu. Nilikuwa stendi. Abiria wamekwisha kupanda, mimi nimesimama juu ya bampa nafunga magunia kwa kamba. Nakumbuka nilisikia harufu ya mpira unaoungua, na hapakuwa na mpira unaoungua. Baada ya hapo nakumbuka mbingu. Nimelala chali, mdomo umejaa damu, suruali imelowa, na watu wamenizunguka kwa mbali kama watu wanaotazama nyoka. Kuna aliyenitia kijiko mdomoni ili nisijing'ate. Nia yake ilikuwa njema, lakini ulimi niliung'ata vilevile, na kijiko kikaondoka na jino langu la mbele.

"Msiguse lile povu," nikamsikia mama mmoja akisema. "Ukiligusa nawe umeupata ugonjwa."

Nilipoweza kukaa, abiria wangu walikuwa wanashusha mizigo yao. Hakuna aliyenisema vibaya. Walishusha tu, kimya kimya, wakahamia lori jingine. Mpaka leo kuna jambo moja namshukuru Mungu kwa siku ile: nilikuwa bado sijawasha gari.

Sitaeleza ugonjwa wenyewe unatoka wapi, maana sijui, na waliodai kuujua walinielekeza kila mmoja upande wake. Shehe wa mtaani alinisomea, nikanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, na moyo wangu ulitulia kweli. Mganga wa kienyeji alisema ni shangazi yangu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Mvua za kwanza zikanyesha, nikaanguka tena. Maembe yakaiva, nikaanguka tena. Mara ile nilikuwa nyumbani, nikaangukia jiko la mkaa, mkono wa kushoto ukaungua kuanzia kiwiko hadi kiganja.

Zuhura aliufunga mkono ule kwa kitambaa safi, akajifunga kanga mbili, akasema, "Twende hospitali kuu."

Gari lilikuwa limesimama mlangoni, na mtaa mzima hapakuwa na mwingine aliyejua kuliendesha. Tukaenda kwa miguu. Sikuwa nimewahi kuitembea ile njia. Nilijua inachukua gia ngapi, sikujua ina vilima.

Mnaoanza sasa, zoeeni benchi. Kwenye benchi tulikaa asubuhi nzima, tukaona walioletwa kwa machela wakipitishwa mbele yetu, na ni haki yao. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliuangalia mkono, akaangalia pengo la jino, akamsikiliza Zuhura zaidi yangu, kwa sababu mimi sikuwa na la kusimulia. Mwenye kifafa ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kukiona.

"Unafanya kazi gani, mzee?" akaniuliza.

"Dereva."

Akaweka kalamu chini. "Basi tuanze na hilo kabla ya dawa. Gari usiendeshe tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie. Na huenda nisikuambie."

"Daktari, mimi nina watoto wanne. Nikiacha gari nitafanya nini?"

"Utafikiria ukiwa mzima. Ukiendesha, siku moja utaanguka na watu nyuma yako." Akaongeza, "Mimi pia sina gari. Nakuja hapa kwa baiskeli."

"Basi nitapata baiskeli."

"Hapana. Wewe hata baiskeli usipande. Wala ngazi, wala usichote maji kisimani peke yako, wala usikae karibu na moto."

Zuhura akauliza, "Kwa hiyo afanye nini?"

"Atembee," alisema daktari. "Kutembea hakuna kosa lolote."

Kesho yake asubuhi nilitafuta ufunguo wa gari juu ya kabati, haupo. Nikatafuta mfukoni mwa koti, haupo. Zuhura alikuwa uani anapepeta mchele.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao."

"Nataka kuwasha injini tu. Gari likikaa kimya sana linaharibika."

"Liharibike."

"Zuhura, nimeona abiria wa Ulyankulu wamesimama pale barabarani, wananingoja."

Akaacha kupepeta. Alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetemeka. "Juma, mimi nimekuona ukianguka. Wewe hujajiona. Ukitaka ufunguo huu, nivunje mkono kwanza."

Sijawahi kumpiga mke wangu na sikuanza siku hiyo. Nilikwenda kukaa ndani ya gari, kwenye kiti changu, mlango wazi, hadi adhuhuri. Kuku wakapita chini yake. Abiria wa Ulyankulu wakapata gari lingine.

Tulikubaliana kuliuza kiangazi kilichofuata. Alilinunua mkulima wa tumbaku, mtu wa heshima, akaja na dereva wake. Yule dereva alikanyaga mafuta kwa nguvu kupita kiasi, na nilitaka kumwambia kwamba gari lile halipendi hivyo, lakini halikuwa langu tena. Walipoondoka lilibaki doa jeusi la oili mbele ya nyumba. Zuhura alipanda mchicha pembeni mwa doa lile, kila mwaka ukizidi kulisogelea.

Miezi ile ya mwanzo ya vidonge ndiyo ilikuwa migumu kuliko kuanguka kwenyewe. Vidonge vilikuwa vidogo, vyeupe, na vilinilaza kama mtoto mchanga. Nilikuwa naanza kusema jambo, mwisho wake unanipotea. Fizi zilivimba. Nilisinzia msikitini nikiwa nimekaa, nikasinzia nikila. Watoto wangu walijifunza kuongea polepole mbele yangu, na jambo hilo liliniuma kuliko mkono ulioungua. Kama uko hapo sasa, vumilia kidogo, na mwambie daktari. Mimi nilinyamaza nikidhani ndivyo nitakavyokuwa maisha yangu yote. Zuhura ndiye aliyesema, wakanipunguzia kidogo, na baada ya mvua kwisha niliamka asubuhi moja nikasikia kichwa changu ni changu.

Kaka mkubwa wa Zuhura, Kassimu, fundi cherehani wa Mtendeni, alikuja mwaka huo huo. Alikaa barazani, akakataa chai. Niliona kwamba anaogopa kikombe.

"Shemeji," akaniambia, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini huyu ni dada yangu, na wale ni wapwa zangu. Ugonjwa huu unaambukiza. Nataka nimchukue akae kwangu na watoto, mpaka upone."

Na nusu yangu ilikuwa inamwamini. Wakati huo nilikuwa nimejitengea sahani yangu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na nilikuwa nakula peke yangu chumbani.

Zuhura alitoka ndani na ile sahani yangu mkononi. Ilikuwa na ugali uliobaki na mchuzi wa kisamvu. Akakaa kwenye mkeka kati yetu, akamega tonge, akala. Akamega jingine, akala. Alimaliza chote tukiwa tunamtazama.

"Daktari amesema hakiambukizi," akamwambia kaka yake. "Nami nimekaa nacho mwaka mzima. Kaka, ukitaka kunisaidia, njoo ututembelee. Kunihamisha, hapana."

Kassimu aliondoka bila kuaga vizuri. Hakukanyaga kwetu kwa muda mrefu. Jioni ile Zuhura aliitia sahani yangu kabatini pamoja na nyingine, na tangu hapo tunakula sinia moja.

Kila mwezi tulikwenda kuchukua dawa. Mwanzoni Zuhura alinishika mkono kama kipofu, baadaye tukawa tunatembea tu. Nilikuwa nimemwoa miaka mingi na sikuwa nimewahi kutembea naye umbali ule. Garini alikuwa anakaa nyuma na mizigo, kwa sababu mbele walikaa abiria. Nikagundua kwamba mke wangu anajua kuiga sauti za watu. Tulipokutana na balozi wetu wa nyumba kumi, alimwamkia kwa adabu, akangoja apite, kisha akaniigia anavyokohoa kabla ya kusoma tangazo la mkutano. Nilicheka barabarani mpaka nikashika mti.

Mji huu nao nilikuwa siujui. Nikiwa garini nilijua mtu anayepunga mkono na mtu asiyepunga. Kwa miguu nilijua nani ana mgonjwa, nani amejenga choo kipya, nyumba gani wanakaanga vitumbua asubuhi na nyumba gani mbwa wao ni wa kelele tu. Salamu zilinichosha mwanzoni. Huwezi kupita uani kwa mtu kwa miguu ukasema shikamoo bila kusimama, kama nilivyokuwa nafanya kwa honi. Unasimama, unaulizwa habari za nyumbani, unaulizwa habari za dawa. Kitambi kikaisha. Miguu ikaota malengelenge, ikapona, ikawa migumu. Viatu vya ngozi vilishindwa na matope ya masika, nikanunua makatambuga, vile viatu vya tairi. Zuhura akasema, "Haya, sasa una magurudumu yako."

Ilifika mwaka ambao petroli ilikuwa ya shida nchi nzima, na serikali ikakataza magari kutembea Jumapili kuanzia mchana. Jumapili ya kwanza nilitoka alasiri nikaona barabara imejaa watu wa miguu. Wakubwa wa ofisi, wake zao wamevaa viatu vya kisigino, wafanyabiashara, wote wanatembea. Nikakutana na yule tajiri wangu wa zamani wa Mtendeni, anahema, ameshika fimbo.

"Pijo, hata wewe?" akasema. "Ah, nilisahau. Wewe ulianza mapema."

"Nilianza mapema," nikamjibu. "Pita upande huu wa kivuli, bwana. Ule mwingine una mchanga mwingi."

Tukatembea pamoja mpaka kwake. Alinikaribisha kahawa, akaniuliza ninafanya kazi gani siku hizi. Nikamwambia nauza asali.

Kazi ile niliipata kwa watu niliokuwa nikiwabeba zamani. Warina asali wa vijijini walikuwa wananijua, na kila walipokuja mjini na madebe yao walihitaji mtu wa kuwauzia, kwa sababu wao hawawezi kulala mjini na mizinga imebaki msituni. Asali haitaki moto, haitaki ngazi. Na kipindi kile sukari ilikuwa haionekani madukani, kwa hiyo watu walikunywa chai kwa asali, walioipenda na wasioipenda. Nikapata mahali sokoni, karibu na Mama Nyanzala, Mnyamwezi mnene mwenye sauti kubwa, anayeuza karanga na kunde. Kila siku aliniamkia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya kwao, hata kama nimechelewa mpaka saa sita.

Nilikaa kando yake msimu mzima bila kumwambia ninaumwa nini. Nilikuwa na hofu moja tu iliyobaki, na ilikuwa hii: kuanguka pale, mbele ya wateja, na kuona tena watu wamesimama mbali. Kila nilipohisi kizunguzungu cha njaa nilidhani ndiyo imefika. Zuhura aliniambia hofu hiyo itaniangusha kabla ya kifafa. Basi asubuhi moja nikasema, nikiwa nafuta chupa ili nisimtazame.

"Mama Nyanzala, mimi nina kifafa."

"Najua," akasema. Alikuwa anachambua kunde. "Isevya nzima inajua. Mimi nilikuwa nangoja uniambie ukianguka nikufanyeje."

Nikaweka chupa chini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia kama daktari alivyotuambia: msinitie kitu mdomoni, si kijiko, si kidole. Msinishike mikono kwa nguvu. Niondoleeni vitu vigumu, niwekeeni nguo chini ya kichwa, nilazeni ubavu mate yatoke, mngoje. Povu ni mate tu.

"Basi?"

"Basi."

"Hiyo ni kazi ndogo," akasema, akawaita wauza nyanya wa upande wa pili, akawaeleza yote kwa sauti yake ile kubwa, soko zima likasikia. Nilitamani ardhi inimeze. Jioni, nikirudi nyumbani, nikagundua kwamba sina tena cha kuficha, na njia ilikuwa nyepesi.

Idd iliyofuata Kassimu alikuja. Alinawa, akakaa, akatia mkono kwenye sinia yetu, akasema pilau imekolea.

Sijapona. Nataka hilo lieleweke, maana wapo watakaokuuzia kupona. Ninakunywa vidonge na ninakaa miezi mingi salama. Kuna wakati dawa zilichelewa kufika, tukapewa kidogo kidogo, na katika siku hizo nikaanguka sokoni.

Nilikuwa nampimia mteja asali kutoka kwenye debe. Harufu ya mpira ikaja. Nikawahi kusema, "Mama Nyanzala," basi.

Nilipofumbua macho, kichwa changu kilikuwa juu ya kanga iliyokunjwa na nilikuwa nimelala ubavu kivulini. Ulimi ulikuwa unauma, meno yote yalikuwepo. Mtu alikuwa amenifunika kwa shuka. Wauza nyanya walikuwa wanauza nyanya. Mama Nyanzala alikuwa amekaa kwenye kigoda changu na ana mteja wangu.

"Umelala kidogo," akaniambia bila kugeuka. "Usiinuke bado. Hii ya chupa kubwa ni bei ile ile ya jana?"

Nikasema ndiyo. Nilipojishika uso nikakuta debe lilikuwa limenimwagikia: asali kifuani, asali masikioni, ndevu zimeshikana, na nyuki wanazunguka kichwa changu kwa heshima. Nikaanza kucheka, na mwili wote ulikuwa unauma nikicheka. Mmoja wa wauza nyanya akasema aende kuomba gari dukani linirudishe nyumbani. Nikamwambia hapana, ningoje nipate nguvu. Zuhura alikwisha kupelekewa habari, akaja na kanzu safi. Alinifuta uso kwa kitambaa chenye maji, akanitazama macho, akaona nipo. Tukarudi Isevya taratibu, tukisimama kila baada ya nyumba chache. Watu waliuliza na sisi tukajibu, na watoto wakatufuata kwa sababu ya nyuki.

Nililala mchana ule wote na usiku. Kesho yake niliamka, nikameza kidonge changu, nikanywa uji, nikaenda sokoni kwa miguu. Mama Nyanzala alikuwa amekwisha kunifagilia mahali pangu. Akaniamkia, akalitazama debe jipya nililoletewa na mrina asali alfajiri, akaniuliza kama ya leo ni ya kuuza au ya kuoga.